Kabla hujatoa hela ya sungura, omba kumwona mama yake

Huu ni mwaka wa tisa nafuga sungura hapa Kibaha. Simu nyingi ninazopokea si za wateja wangu, ni za watu waliokwisha kununua kwingine: "Kaka, sungura wa watoto anaharisha tangu juzi, nimpe nini?" Mara nyingi hapo tumeshachelewa. Tatizo lilianzia siku ya kununua, na kwa yule aliyemuuza.

Hatua ya 1: Uliza umri kabla ya bei

Mpigie muuzaji, umuulize: "Wamezaliwa lini?" Mfugaji wa kweli atakutajia tarehe, kwa sababu huandika siku jike lilipopandishwa na kuhesabu kama siku 31 mpaka lizae. Anayekujibu "hao wakubwa tu, wanakula wenyewe" achana naye. Ni kweli mtoto wa sungura huanza kutafuna majani akiwa na wiki tatu hivi, lakini tumbo lake bado changa. Ukimwachisha kunyonya akiwa na wiki nne, ukambadilishia chakula na kumsafirisha siku hiyohiyo, kuhara kunaweza kummaliza kwa siku moja au mbili. Mimi simtoi mtoto kabla ya wiki nane. Na ni kwenye wiki nne hizo ndipo anapopendeza kuliko wakati wote, kwa hiyo utaona wengi wakiuzwa umri huo.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua wanne wa namna hiyo kwa mchuuzi sokoni, walikuwa kwenye tenga lililopakana na la kuku. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili alibaki mmoja, na aliyewakuta wenzake wamekauka ni binti yangu.

Hatua ya 2: Nenda bandani mwenyewe

Usitume hela kwa kuona picha kwenye simu, wala usikubali kukutana stendi. Asiyetaka ufike kwake, tafuta mwingine. Ila akikwambia unawe mikono na ukanyage dawa kabla ya kuingia, usichukie. Huyo anaogopa magonjwa, na ndiye unayemtafuta.

Ukiingia, vuta pumzi. Harufu ya mkojo ikikuchoma macho, ujue sungura wameivuta usiku kucha, na mapafu yao yanaumia. Angalia chini ya vizimba: kinyesi kizuri ni vigololi vikavu vya duara. Kisha sema, "Naomba nimwone mama yao." Mfunue masikio. Ukikuta magamba mazito ya rangi ya kahawia yamejazana ndani, huo ni ukurutu wa masikio, na watoto waliolala naye wanaweza kuwa nao hata kama bado hauonekani. Tazama pia muuzaji anavyomshika. Anayemnyanyua kwa masikio hajajifunza kazi.

Hatua ya 3: Mkague mtoto mikononi mwako

Mpakate, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ukishika makalio, maana akirusha mateke bila kuegemea kitu anaweza kuvunjika mgongo. Anza na miguu ya mbele, upande wa ndani. Watu wengi hawaangalii hapo. Sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu hiyo, hivyo muuzaji anaweza kumsafisha pua vizuri kabisa lakini manyoya ya ndani ya mguu yakabaki yamegandamana.

Funua mdomo: meno ya juu yafunike kidogo yale ya chini. Meno ya sungura huota maisha yake yote, na yasiposuguana hurefuka mpaka ashindwe kula. Kasoro hiyo mara nyingi ni ya kurithi. Nyayo za nyuma zisiwe na vidonda, na chini ya mkia pawe pakavu. Macho mekundu kwa sungura mweupe si ugonjwa.

Mwombe muuzaji akuonyeshe jinsia hapohapo: dume ana kitundu cha duara, jike ana mfereji. Nimeletewa "majike wawili" waliokuwa wameshapata watoto saba.

Hatua ya 4: Ongea kuhusu chakula

Muulize anawalisha nini, kisha umwombe chakula hichohicho cha wiki moja. Utakichanganya na chako kidogokidogo. Asiye na jibu, au anayesema "chochote tu, hata kabichi", hajui kwa nini wake wanakufa.

Ukisikia "nunua kumi, nitakuja kuwanunua watoto wote", hiyo ni ahadi ya biashara, si mazungumzo ya sungura wa nyumbani. Aga, uondoke.

Hatua ya 5: Msafirishe asubuhi

Boksi liwe na matundu na nyasi kavu chini, na usimweke kwenye buti ya gari. Sungura hawezi joto, na jua la saa saba linatosha kumuua. Kama una wengine nyumbani, mtenge wiki mbili. Akigoma kula nusu siku, usisubiri kesho, mpigie afisa mifugo wa kata.

Mpigie na muuzaji pia, umwambie amelalaje. Mimi wateja wangu nawapigia mwenyewe siku ya tatu, na swali langu la kwanza huwa ni kinyesi kikoje.