Kupima asidi ya togwa, uraka na tembo nyumbani, usiamini ulimi peke yake

Huku Mtwara mabibo yakianza kudondoka watu wanakamua uraka, na togwa yenyewe haina msimu, lakini wengi wetu kipimo chetu ni kuonja tu. Kuonja sikukatai ila ulimi unadanganywa kirahisi sana. Sukari inaficha uchachu bila kupunguza asidi, yani ukimimina sukari utaona togwa imepoa kumbe pH, yani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imepanda, ipo palepale, na uraka nao una ule ukakasi wa mabibo unaokaza mdomo mpaka mtu anadhani ndo asidi yenyewe. Mi hapa nasisitiza hasa kwa togwa maana tunawapa watoto wadogo.

Namba kwanza. pH inaanzia 0 mpaka 14, maji safi ni 7, na ikishuka namba moja asidi imeongezeka mara kumi, kwaiyo 3.6 na 4.6 sio majirani hata kidogo. Namba ya kushika ni 4.6, chini ya hapo bakteria wa botulism, wale wanaotoa sumu kali kwenye chakula, hawaoti, ila kwa nyumbani usiridhike na mpakani, lenga 4.2 kushuka chini. Uji wa togwa kabla haujachacha unakuwa kwenye 6 hivi, ukitia kimea kizuri na hili joto letu, kesho yake mara nyingi unakuta umeshuka chini ya 4. Kama siku mbili zimepita na bado iko juu ya 4.6, mwaga. Usiseme ngoja niichemshe, kuna sumu za bakteria ambazo moto wa jikoni hauziondoi. Na ndimu usikamulie kabla ya kupima, itashusha pH we ukadhani imechacha yenyewe.

Kifaa cha bei rahisi ni karatasi za pH. Litmasi achana nayo, inakwambia asidi au sio asidi basi, na zile karatasi za 0 mpaka 14 zinaruka namba nzima nzima hazitakusaidia sana hapa. Tafuta zinazosoma eneo dogo, mfano 2.5 mpaka 4.5, maduka ya vifaa vya maabara wanazo au agiza mtandaoni. Koroga kinywaji, chota kidogo kwenye glasi, chuja na kitambaa safi, kiache kipoe kama kina moto, alafu dondoshea tone kwenye karatasi. Usiichovye kwenye ndoo! Uraka na tembo vina gesi, na ile gesi nayo ni asidi, kwaiyo tikisa sampuli au ikoroge mpaka povu liishe ndo upime. Soma rangi kwenye mwanga wa mchana na kwa muda ulioandikwa kwenye boksi, ukichelewa rangi inabadilika. Kinywaji chenye rangi kali kama rosela kitakuchafulia karatasi, hapo bora mita.

Mita ya pH ni nzuri lakini inataka kutunzwa. Kila siku unayopima isetie kwanza na maji maalum ya pH 4.01 na ya 7.00, suuza ncha kati ya sampuli na sampuli, na wanga wa togwa usiuache ukaukie pale. Ukimaliza ihifadhi kwenye maji yake ya kuhifadhia, sio kavu na sio kwenye maji yaliyotoneshwa (yale ya kuongezea betri), yanaiua polepole.

Sasa kwa wanaouza, kuna kitu pH haikioni vizuri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na akilitia maji pH inasogea kidogo mno, karatasi haitakwambia. Kinachokwambia ni titresheni, yani kudondoshea dawa ya kuua asidi na kuhesabu imetumika ngapi, ile ile ya praktiko ya kemia fomu foo. Chukua 10 ml za kinywaji kisicho na gesi, weka matone mawili matatu ya POP (phenolphthalein, dawa inayogeuka pinki asidi ikiisha), dondoshea sodium hydroxide ya 0.1 M kwa byureti (bomba la kioo lenye vipimo vya ml) au hata bomba la sindano la plastiki, mpaka upinki hafifu ukae sekunde 30. Ml ulizotumia zidisha kwa 0.09 unapata asilimia ya asidi ya maziwa, kwa mfano 6 ml ni asilimia 0.54. Kama togwa ni nzito, zile 10 ml ukishazipima ziongezee maji safi uone rangi, jibu halibadiliki. Kwa siki ya tembo chukua 1 ml tu na uzidishe kwa 0.6, jibu hapo ni la asidi ya siki, ikitumika 7 ml una asilimia 4.2. Hiyo sodium hydroxide inaunguza ngozi na macho, vaa glavu na iwe mbali na watoto, na sampuli uliyopimia unamwaga, hainywewi.

Asidi nzuri haisafishi kimea chenye ukungu. Sumukuvu, yani sumu inayotolewa na ukungu, inabaki humohumo hata pH iwe 3.5, kwaiyo kimea au unga wenye ukungu hauingii jikoni kabisa. Sufuria za alumini pia hapana, asidi inazila, tumia kioo au ndoo ya plastiki ya chakula.

Ikifika uchachu unaoutaka weka friji, ila jua inapunguza kasi tu, haisimamishi. Andika tarehe na pH kwenye chupa, usikaze kifuniko sana maana gesi inaendelea kujaa, na kama imekaa siku kadhaa pima tena kabla hujamwekea mtoto kwenye kikombe.