Je, msomaji aingie kwa akaunti kabla ya kutoa maoni? Hatua za kuamua na kupanga blogu yako

Watu wanaonikabidhi blogu zao nizitengeneze huja mara kwa mara na ombi hilohilo: "Weka sharti la kujisajili, maoni ya ovyo yamezidi." Nawaelewa. Inachosha kufungua dashibodi kila asubuhi ukakuta matangazo ya kamari, dawa za ajabuajabu na tusi moja limekaa katikati. Hata hivyo, kabla ya kuliwasha sharti hilo huwa nawaomba tupitie kwanza hatua zilizo hapa chini, kwa sababu lina gharama isiyoonekana kwenye takwimu yoyote: maoni ambayo hayakuandikwa.

Chukua msomaji aliyeletwa kwenye makala yako na Google. Anafuata maelekezo yako, amri uliyoandika inakataa, anagundua umesahau alama moja ya nukuu. Ana nusu dakika ya kukujulisha. Sasa umemtaka ajaze jina la mtumiaji, barua pepe, nenosiri lenye herufi kubwa na tarakimu, halafu aende kwenye kikasha chake akatafute ujumbe wa uthibitisho. Atafunga ukurasa. Kosa litabaki palepale likiwakwamisha wanaokuja nyuma yake, na wewe hutajua kamwe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa blogu nyingi zinazoendeshwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, akaunti isiwe lazima. Kuna blogu zinazoihitaji kweli, na nitazifikia katika hatua ya 5.

Hatua ya 1: Chambua maoni mabaya uliyonayo

Fungua folda ya maoni taka na ya yaliyokataliwa, soma ya mwezi mzima. Usiyafute kwanza. Yatenge kwa aliyeyaandika.

Roboti zinajulikana haraka. Sifa za jumla zisizogusa chochote ulichoandika, jina la mwandishi ambalo ni jina la bidhaa, linki kwenye nafasi ya tovuti, na maoni kadhaa kutoka anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) ndani ya dakika moja, mengi yakiwa chini ya makala za zamani. Wapo pia binadamu wanaolipwa kubandika matangazo kwa mkono. Hawa husoma kichwa cha makala na kuandika sentensi moja inayoendana nacho. Halafu kuna watu wenye hasira ambao wamesoma, wamechukia na wanatukana. Na mara chache utakuta mtu mmoja anayejibizana na watu kwa majina matano tofauti.

Uchambuzi huu ndio unaoamua kila kitu kinachofuata, kwa sababu akaunti inamdhibiti vizuri huyu wa mwisho peke yake. Mwenye hasira atajisajili ili atukane, maana hasira inampa uvumilivu ambao msomaji mpole hana. Roboti nazo zinajisajili. Ukiruhusu usajili wa wazi kwenye WordPress, programu ya kuendeshea blogu, bila kinga nyingine, utaamka siku moja ukute orodha ya watumiaji imejaa majina yasiyosomeka, na taka zimehama tu kutoka kwenye maoni kwenda kwenye orodha hiyo.

Hatua ya 2: Zuia roboti bila kumgusa msomaji

Roboti zinatafuta linki. Mwezi Januari 2005, Google, Yahoo na MSN walitangaza kuiheshimu alama ya nofollow, inayoiambia injini ya utafutaji isiihesabu linki iliyowekwa kwenye maoni, na programu za blogu zikaanza kuiweka zenyewe. Taka hazikuisha, kwa kuwa kutuma maoni milioni moja hakumgharimu mtumaji karibu chochote.

Udhaifu wao ni kwamba roboti nyingi hazifungui ukurasa wako kwa brauza kama mtu afanyavyo. Fomu ya maoni ya WordPress hutuma kila kitu kwenye faili la wp-comments-post.php, jina ambalo ni lilelile kwenye maelfu ya tovuti, kwa hiyo roboti inarusha maoni moja kwa moja huko. Hapo ndipo pa kuinasa.

Anza na mtego wa nafasi iliyofichwa. Ongeza kwenye fomu nafasi moja ya kujaza, ipe jina la kawaida, kisha ifiche kwa CSS, msimbo wa mwonekano wa ukurasa. Binadamu hataiona na ataiacha tupu. Roboti inayojaza kila nafasi itajitaja yenyewe. Kuwa mwangalifu na jambo moja: hakikisha kitufe cha Tab hakifiki hapo, programu za kuwasomea wasioona zinairuka, na brauza haiijazi yenyewe. Usipofanya hivyo utamnasa msomaji halali. Mtego mwingine ni wa muda: maoni yaliyotumwa sekunde mbili baada ya ukurasa kufunguka hayakuandikwa na mtu.

Kama hutaki kugusa msimbo, programu-jalizi za kuongeza kwenye WordPress zipo. Akismet, iliyoanza mwaka 2005, inapeleka kila maoni pamoja na anwani ya IP kwenye seva zake kuyapima, na ni mahiri sana. Ukiitumia, sema hivyo kwenye ukurasa wako wa faragha. Antispam Bee inafanya kazi nyingi ndani ya seva yako mwenyewe, na kwa blogu ndogo hiyo ndiyo ninayoanza nayo.

Ondoa pia nafasi ya kujaza anwani ya tovuti. Hatua hii peke yake inawakatisha tamaa wabandikaji wa matangazo kwa mkono, kwa sababu hakuna tena mahali pa kufichia linki.

Kapcha iwe ya mwisho kabisa. Kumlazimisha mtu achague picha zenye taa za barabarani kwenye kioo kidogo cha simu ni kumtoza kodi kwa kosa la roboti, na kwa asiyeona vizuri mara nyingi ni mlango uliofungwa.

Hatua ya 3: Kagua maoni ya kwanza ya kila mtu

Hapa ndipo penye faida kubwa zaidi, na wengi wanapapita. Ndani ya WordPress, nenda kwenye Mipangilio, kisha Majadiliano. Kuna kisanduku kinachosema mwandishi wa maoni lazima awe na maoni yaliyokwisha kuidhinishwa. Kitie tiki. Acha pia tiki kwenye kile kinachodai jina na barua pepe, na uhakikishe kile kinachodai mtu awe amesajiliwa na kuingia hakina tiki.

Matokeo yake ni haya. Mgeni anaandika mara ya kwanza, maoni yake yanakaa kwenye foleni, unayasoma, unayapitisha. Akirudi na jina na barua pepe ileile, anapita bila kusubiri. Umepata sehemu kubwa ya faida ya akaunti, naye hajakariri nenosiri. Ila ujue WordPress inalinganisha tu alichojaza. Haithibitishi kwamba barua pepe ni yake. Anayeijua barua pepe ya mwenzake anaweza kujipitisha kwa jina la mwenzake. Kwa mazungumzo ya kawaida hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa barua pepe haionyeshwi hadharani. Kwenye mijadala ambayo jina lina uzito, kama ya madaktari wanaoshauri wagonjwa, haitoshi.

Chini kidogo utakuta idadi ya linki zinazopeleka maoni kwenye foleni. WordPress yenyewe inaweka 2. Naiacha hivyo, ukiweka 1 unamchelewesha mtu aliyeleta chanzo cha habari, na huyo ndiye unayemtaka zaidi.

Mwisho wa sehemu hiyo kuna masanduku mawili ya maneno. La kwanza linapeleka maoni kwenye foleni, la pili linayatupa kwenye pipa la taka. Blogu ya Kiswahili itumie la kwanza tu. Mfumo unatafuta neno hata likiwa ndani ya neno jingine, na viambishi vyetu vinazaa ajali: tusi fupi ukiliweka pale litanasa kila aliyeandika "kumaliza" au "kumaanisha". Kwenye foleni utamwokoa. Kwenye sanduku la pili atapotea bila wewe kujua.

Mnaotumia Blogger, huduma ya blogu ya Google, mpangilio wenu unauliza nani anaweza kutoa maoni: yeyote, wenye akaunti ya Google, au wanachama wa blogu. Hakuna chaguo la kukagua maoni ya kwanza peke yake. Chagua "yeyote", kisha ukaguzi uwe wa kila wakati kama maoni ni machache, au wa makala za zamani tu kama ni mengi.

Hatua ya 4: Jiulize jina la kweli litakusaidia nini

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba mtu akijulikana, ulimi wake unapata adabu. Korea Kusini walilijaribu jambo hili kitaifa. Kuanzia mwaka 2007 sheria ilizitaka tovuti kubwa zithibitishe utambulisho wa mtu kabla hajaandika. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa tovuti za Nate na Cyworld. Tarehe 23 Agosti 2012, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliifuta sheria kwa kauli moja, ikieleza kwamba maoni haramu hayakupungua kwa kiasi cha maana na watu walikuwa wamehamia tovuti za nje. YouTube nao waliyaunganisha maoni yao na Google+, mtandao wa kijamii wa Google uliotaka majina ya kweli, Novemba 2013, wakakutana na upinzani mkubwa, na kufikia 2015 walianza kuyatenganisha. Na kila anayetumia Facebook ameona watu wakitukanana kwa majina yao kamili na picha za watoto wao pembeni.

Upande wa pili wa mizani wamo watu ambao wakilazimishwa kujitaja watanyamaza. Mgonjwa anayeuliza kuhusu ugonjwa ambao hajaueleza nyumbani. Mfanyakazi anayejua kinachotendeka ofisini kwao. Mwanamke aliyemkimbia mtu anayemfuatilia. Lakabu inawalinda hawa, na blogu yako inapata maelezo ambayo hayapatikani kwingine. Mimi suala hili naliona zito kuliko usumbufu wote wa kufuta matusi.

Tena akaunti haikuondolei dhamana. Juni 2015, katika kesi ya Delfi dhidi ya Estonia, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona haki ya kujieleza haikukiukwa pale tovuti kubwa ya habari ya kibiashara ilipowajibishwa kwa maoni ya wasomaji wake. Kinachokusaidia ni kuweza kuona na kuondoa haraka.

Ukitaka kizuizi kinachopima kitu cha maana, waangalie NRKbeta, tovuti ya teknolojia ya shirika la utangazaji la Norwei: mwaka 2017 walianza kuwauliza wasomaji maswali mafupi kuhusu makala kabla ya kuwafungulia fomu. Waliuliza kama mtu amesoma, badala ya kuuliza yeye ni nani.

Hatua ya 5: Ukihitaji akaunti, iweke bila kuumiza

Swali la kujipima ni hili: mwenye akaunti atapata nini asichokipata mgeni? Kama ataweza kuhariri maoni yake, kupata arifa akijibiwa, kulinda jina lake lisitumiwe na mwingine, au kuingia kwenye kundi la watu wanaofahamiana, sharti lina maana. Kama jibu ni "mimi nitapumzika", rudi hatua ya 3.

Kwenye WordPress mambo ni mawili na lazima yaende pamoja. Katika Mipangilio ya Jumla ruhusu yeyote kujisajili, kisha katika Majadiliano weka sharti la kuingia. Ukiweka la pili ukasahau la kwanza, hakuna mgeni atakayeweza kutoa maoni. Ngazi ya mtumiaji mpya iwe ile ya chini kabisa, ya mfuatiliaji. Nimeona blogu zilizowapa wageni ngazi ya mwandishi, na hiyo ni kumkabidhi mtu usiyemjua uwezo wa kuchapisha makala na kupandisha mafaili.

Msomaji aandike kwanza, aingie baadaye. Fomu iwe wazi, na anapobonyeza kutuma ndipo aombwe kuingia, huku alichoandika kikiwa kimehifadhiwa. Mtu aliyeandika aya tatu kisha zikafutika kwa sababu ya ukurasa wa kuingia hataziandika tena.

Kuingia kwa Google au Facebook ni kwepesi, lakini usiweke njia hiyo pekee. Wapo wasiotaka kampuni hizo zijue wanasoma nini. Weka kando yake njia ya linki inayotumwa kwa barua pepe, isiyohitaji nenosiri. Omba jina la kuonyesha na barua pepe, basi. Namba ya simu usiyoihifadhi haiwezi kuibwa.

Hatua ya 6: Makala za zamani

WordPress inaweza kufunga maoni yenyewe, na siku inazopendekeza ni 14. Kwa habari za siku hizo sawa. Kwa makala za maelekezo acha wazi, maana masahihisho bora huja miaka baadaye, programu inapobadilika.

Hatua ya 7: Jaribu ukiwa mgeni

Wewe umeingia kwenye blogu yako muda wote, kwa hiyo fomu anayoiona msomaji hujawahi kuiona. Chukua simu, fungua dirisha la faragha, zima Wi-Fi, andika maoni yenye linki moja na utume. Je, ujumbe wa "maoni yako yanasubiri kuidhinishwa" umetokea, au ukurasa umerudi juu kimya kana kwamba hakuna kilichofanyika? Je, wewe umepata barua pepe ya taarifa? Seva nyingi hushindwa kutuma barua hizo; ikitokea, ziunganishe na huduma ya SMTP (ya kutumia barua pepe kwa uhakika), la sivyo foleni itajaa bila wewe kuona.

Baada ya mwezi, tazama muda unaopita kati ya kutumwa na kuidhinishwa. Ukizidi siku moja mara kwa mara, tafuta mtu wa kukusaidia kukagua. Mzozo ukiwaka chini ya makala moja, funga maoni ya makala hiyo peke yake. Ukisambaa, weka ukaguzi wa maoni yote kwa muda. Akaunti ifuate baada ya hayo kushindwa, na siku utakapoiweka, andika mstari mmoja juu ya fomu ukiwaeleza wasomaji sababu.