Namna ya kujijengea sifa zinazomfikisha mtu mbali michezoni na kazini

Ukimuuliza kocha au mkuu wa idara ni sifa gani anazozitafuta kwa mtu, kwa kawaida atakutajia orodha ileile: nidhamu, bidii, uvumilivu, utulivu, moyo wa kushirikiana. Orodha hiyo haina kosa, ila haimsaidii anayeisikia, kwa sababu hakuna mtu anayeamka asubuhi akaenda kufanya nidhamu. Anachofanya ni kuvaa viatu vya mazoezi kabla hakujapambazuka, au kufungua faili ambalo amekuwa akilikwepa kwa siku tatu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuishusha sifa kutoka kwenye jina lake hadi kwenye tendo ambalo mtu mwingine anaweza kuliona na kulihesabu, kwa maana mimi naamini kwamba sifa isiyoweza kuonwa na mwingine bado ni nia tu.

Kabla ya kuanza, ni haki kukiri mipaka. Tabia njema hazimrefushi mchezaji wa mpira wa kikapu, wala hazimpi mtaji mfanyabiashara asiyekuwa nao. Hata hivyo uzito wake si wa kubeza. Mwaka 1991 watafiti Murray Barrick na Michael Mount walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu haiba na utendaji kazini, na katika makundi yote matano ya kazi waliyoyachunguza, kuanzia wataalamu, polisi na mameneja hadi wauzaji na mafundi, sifa moja ilijitokeza kila mara kuwa na uhusiano na utendaji mzuri: kuzingatia wajibu, yaani kupanga, kutimiza ahadi na kumaliza kilichoanzwa. Uhusiano huo haukuwa mkubwa kupita kiasi, lakini haukuchagua kazi, na hilo ndilo linaloifanya sifa hiyo kuwa mahali pazuri pa kuanzia.

Andika sifa kama tendo

Chagua sifa moja tu. Anayejiwekea sifa sita kwa mpigo huishia kuzisahau zote kabla mwezi haujaisha. Kisha iandike sifa hiyo kwa sentensi yenye kitenzi, wakati na mahali. "Nitakuwa makini zaidi" haifai kitu. "Sitatuma hesabu kwa mtu yeyote kabla sijazipiga upya nikianzia mwisho kurudi mwanzo" inafaa, kwa kuwa jioni unaweza kujiuliza kama ulifanya hivyo au hukufanya. Vivyo hivyo beki anayelaumiwa kwa uvivu asijiandikie kwamba atajituma. Ajiandikie kwamba kila timu yake inapopoteza mpira, atageuka na kukimbia hatua tano za kwanza kabla ya kunyoosha mkono kumlalamikia mwamuzi. (Wanaocheza nafasi hiyo wanajua kwamba hatua hizo tano ndizo ngumu, zinazofuata huja zenyewe.)

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba watu hutimiza malengo yao zaidi wanapoyafunga kwenye tukio mahususi kwa muundo wa "ikitokea hivi, nitafanya vile", kuliko wanapobaki na nia pekee. Sababu yake inaeleweka. Nia ya jumla inakutaka uamue upya kila siku, tena mara nyingi ukiwa umechoka, ilhali mpango uliofungwa kwenye tukio umekwisha kuamuliwa ulipokuwa na akili tulivu. Kwa hiyo badala ya kuandika kwamba utafanya mazoezi ya kunyoosha viungo mara nyingi zaidi, andika kwamba ukivua viatu baada ya mazoezi, utanyoosha viungo kwa dakika kumi kabla ya kugusa simu.

Baada ya hapo, weka daftari. Eliud Kipchoge, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwa mkono kwenye madaftari, na hakuacha desturi hiyo hata baada ya kuwa bingwa. Daftari lako halihitaji mengi: tarehe, tendo ulilojiwekea, kama lilifanyika, na neno moja au mawili ya sababu pale lisipofanyika. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo inayovutia uongo. Usiandike "nilikuwa na shughuli nyingi". Andika kilichotokea kweli, hata kama ni kwamba ulikaa ukitazama video za watu wengine wakifanya mazoezi. Daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari, kwa sababu linakufundisha kujiridhisha.

Kupokea ukosoaji

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa kwa maoni yangu hii ndiyo sifa inayowatenganisha watu wenye vipaji vinavyolingana, na ndiyo inayofundishwa kidogo kuliko zote. Mchezaji chipukizi na mfanyakazi mpya huambiwa tu kwamba wawe wanyenyekevu, kisha huachwa wadhani kwamba unyenyekevu ni kuinamisha kichwa na kunyamaza. Mtu anaweza kuinamisha kichwa kwa miaka kumi asijifunze lolote.

Anza kwa kubadilisha swali. Ukimuuliza mtu, "Umeonaje kazi yangu?", atakujibu kwa adabu kwamba ni nzuri, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Muulize aliyekuona ukifanya kazi, "Ni kitu gani kimoja ambacho ungekifanya tofauti katika ile ripoti?", au, kwa kocha, "Katika kipindi cha pili, ni wakati gani nilikuwa nimesimama mahali pasipofaa?" Swali la namna hiyo linampa mwenzako ruhusa ya kusema ukweli bila kukuvunja moyo, kwa sababu umekwisha kumwonyesha kwamba unazungumzia tendo na si thamani yako kama mtu.

Jibu likija, usilijibu. Liandike kama lilivyosemwa, kwa maneno ya msemaji, na ulale nalo usiku mmoja. Utetezi wa papo hapo mara nyingi huwa na ukweli ndani yake: pasi ilichelewa, mteja alibadilisha nia, mvua ilinyesha. Shida ni kwamba ukweli huo unahusu mambo usiyoyamudu, na unapoushika huuachi mkono uwe huru kushika kile unachokimudu. Kesho yake soma ulichoandika na utafute sehemu yake moja inayoweza kugeuzwa kuwa tendo. Jaribu tendo hilo kwa majuma mawili, kisha rudi kwa mtu yuleyule na umuulize kama ameona tofauti. Kurudi huku watu wengi hukuruka, nao hupoteza nusu ya faida, kwa kuwa mkosoaji anayeona kwamba neno lake lilifanyiwa kazi atakuambia mengine mazito zaidi, na hayo ndiyo uliyokuwa ukiyahitaji tangu mwanzo.

Si kila ukosoaji unastahili kazi hiyo. Mpime msemaji kwa maswali mawili: je, aliona mwenyewe, na je, ana ujuzi wa jambo lenyewe? Kipchoge amefundishwa tangu ujana wake na Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1992 katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji; huyo alikuwa na majibu ya maswali yote mawili. Mtazamaji anayepiga kelele jukwaani huenda ana jibu la swali la kwanza tu, na mjomba aliyesimuliwa habari za ofisini kwako hana hata moja.

Uvumilivu wenye macho

Uvumilivu husifiwa bila masharti, nami nadhani hilo ni kosa. Mwaka 2003 Kipchoge, akiwa bado kijana mdogo, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris. Miaka tisa baadaye alishindwa kupata nafasi katika timu ya nchi yake kwa ajili ya Olimpiki ya London ya 2012. Angeweza kung'ang'ania mbio zile za uwanjani na kila mtu angemsifu kwa moyo wake. Badala yake alihamia barabarani, na mwezi Aprili 2013 alishinda marathoni yake ya kwanza, mjini Hamburg, kwa saa 2:05:30. Hakubadilisha kocha wala hakuacha mchezo. Alichobadilisha ni umbali.

Ukikwama, basi, gawanya unachokifanya katika mafungu mawili: yale yanayokujenga bila kujali matokeo ya karibuni, kama vile mazoezi ya kila siku, ujuzi wa kazi na watu unaowaamini, na yale ambayo ni njia tu, kama vile nafasi unayocheza, cheo unachokiomba au aina ya wateja unaowafuata. Fungu la kwanza lishike hata katika msimu mbaya. La pili lipangie tarehe ya kulipitia upya, na tarehe hiyo uiandike ukiwa bado na matumaini, kwa maana mtu aliyekata tamaa huamua vibaya na aliyelewa ushindi vilevile.

Utulivu hutayarishwa mapema

Wengi hudhani utulivu wakati wa shinikizo ni tabia ya kuzaliwa nayo. Tazama fainali ya kuogelea mita 200 kwa mtindo wa kipepeo katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Miwani ya kuogelea ya Mmarekani Michael Phelps ilijaa maji, akawa karibu haoni chochote. Hakupapatika, kwa kuwa alijua idadi ya mapigo ya mikono anayohitaji kumaliza kila urefu wa bwawa. Alihesabu, akagusa ukuta, na akaweka rekodi mpya ya dunia ya dakika 1:52.03. Alichokuwa nacho ni hesabu aliyoizoea kabla ya siku hiyo.

Tayarisha yako vivyo hivyo. Orodhesha mambo matatu yanayoweza kuharibika siku ya shindano au ya kuwasilisha kazi, uchague lenye uwezekano mkubwa zaidi, na ulifanyie mazoezi likiwa limeharibika kweli: wasilisha mada mbele ya mwenzako bila projekta, cheza nusu saa ukiwa na mchezaji mmoja pungufu, jibu swali ambalo hulijui kwa kusema wazi kwamba utaleta jibu kesho. Mara ya kwanza utaaibika, na ni afadhali aibu hiyo uipate mbele ya mtu mmoja.

Kukabidhi kijiti

Katika Olimpiki hiyohiyo ya Beijing, timu za Marekani za mbio za kupokezana kijiti za mita 100 mara nne, ya wanaume na ya wanawake, zote ziliangusha kijiti katika hatua ya mchujo na kutolewa, ingawa zilikuwa na wakimbiaji wenye kasi kubwa. Miaka minane baadaye, jijini Rio de Janeiro, wanaume wa Japani walipata medali ya fedha kwa sekunde 37.60, na wakati huo hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Walikuwa wameyafanyia mazoezi makabidhiano, wakipokezana kijiti kwa mkono unaotokea chini, hadi kasi ikawa haipotei kati ya mtu na mtu.

Kazini kijiti huanguka hivyohivyo, kati ya zamu na zamu au idara na idara, na kila upande huapa kwamba ulifanya sehemu yake. Unapokabidhi kazi, sema mambo matatu: imefika wapi, kimebaki nini, na ni wapi pana hatari ya kuharibika. Kisha mwombe mpokeaji ayarudie kwa maneno yake. Marubani hufanya hivyo kila wanapopewa maelekezo na waongoza ndege: huyasoma tena kwa sauti, na hakuna anayewaona kuwa wazito wa kuelewa.

Kuhusu kupumzika nitasema machache. K. Anders Ericsson na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin, waliona kwamba waliokuwa bora zaidi walifanya mazoezi mengi ya peke yao kwa vipindi vyenye mapumziko, na pia walilala zaidi, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa hiyo usingizi nao uingie kwenye daftari, na uandikwe kwa ukweli uleule.

Kila baada ya majuma mawili pitia kurasa zako. Tendo likiwa limekosekana zaidi ya nusu ya siku, usijilaumu wala usiliache. Lipunguze kwa nusu, dakika kumi ziwe tano, na uendelee. Likiwa limefanyika mfululizo kiasi kwamba unasahau kuliandika, lifute na uandike linalofuata.