Kabla barua ya kustaafu haijafika: mambo ya kuzingatia kuhusu bima ya afya Zanzibar

Bima ya afya ya mstaafu hutengenezwa angali kazini. Anayesubiri kiinua mgongo kiingie benki ndipo aulizie kadi amechelewa, kwa sababu uanachama wake ulifungwa kwenye mshahara: mchango ulikatwa humo, mwajiri akaupeleka, kadi ikakubali. Mshahara ukisita, mchango nao unasita. Basi mwaka mmoja na nusu kabla ya kutimiza miaka 60, au kabla ya 55 kwa anayeondoka kwa hiari, anza haya.

Jua uko mfuko gani. Mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi anahudumiwa na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya 2023. Aliyeajiriwa na taasisi ya Muungano, hata kama kituo chake cha kazi ni Chake Chake tangu ujana, kwa kawaida yuko NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na huko anapostaafu hubaki kwenye bima yeye na mwenza wake. Watoto waliokuwa wakitegemea kadi yake hutoka. Jibu lako limo kwenye hati ya mshahara, sehemu ya makato. Aliyewahi kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwengine achukue taarifa za michango pande zote mbili.

Usichanganye bima na pencheni. ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, inakulipa fedha, haikulipii hospitali. Pencheni Jamii nayo, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa kuwa 50,000, ni fedha za mkononi, tena kwa aliyetimiza miaka 70. Kati ya 60 na 70 ipo miaka kumi, na ndiyo miaka ya presha, sukari, mtoto wa jicho na tezi dume.

Omba taarifa ya michango ya mwezi kwa mwezi, si jumla yake. Pitisha kidole mstari kwa mstari. Mapengo hujificha mwaka uliokwenda masomoni, mwezi uliohamishwa wizara, na kipindi ulichosimamishwa kisha ukarudishwa. Kama ulikatwa na mchango haukufika, ushahidi wako ni hati ya mshahara ya mwezi ule ule, kwa hivyo usizichome wala usifungie karanga.

Majina yafanane. Khamis na Hamis, Abdalla na Abdallah, Mohamed na Mohammed: kwa binadamu ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu wawili. Weka mbele yako Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, barua ya ajira, hati ya mshahara na cheti cha kuzaliwa, usome herufi moja moja. Tarehe ya kuzaliwa nayo uikague.

Sasa mwenza. Hapa ndipo watu wanapoumia, na hapa tukae kidogo.

Mwanamke wa Kizanzibari akiolewa habadili jina. Anabaki na la baba yake na la babu yake. Kwa hivyo hakuna kitu kwenye kitambulisho chake kinachosema ni mke wa fulani. Kinachosema ni cheti cha ndoa peke yake. Na ndoa nyingi za miaka ya 80 zilifungwa msikitini mbele ya watu wote, cheti kikaandikwa, kikawekwa kwenye sanduku, sanduku likaliwa na mchwa.

Chukua mwalimu wa skuli huko Wete. Alioa mwaka wa 1988, akamjaza mkewe yule kwenye faili la utumishi. Ndoa ikavunjika mwaka wa 1999. Talaka akaitamka mbele ya mashahidi wawili, eda ikaisha, kila mtu akaenda zake, Mahkama ya Kadhi haikupelekewa habari. Akaoa tena, akazaa, akaishi na mke wa pili zaidi ya miaka ishirini. Fomu ya bima ilipokuja, afisa utumishi akanakili kilichokuwemo failini. Mwalimu hakuikagua. Mwezi mmoja baada ya kustaafu, mkewe anakwenda kliniki ya sukari. Dirishani anaambiwa hayumo. Nafasi ya mwenza ina jina la mtalaka. Kumtoa kunataka cheti cha talaka, na hicho hakipo. Shahidi mmoja ameshafariki. Inabidi mtalaka mwenyewe atafutwe, na yeye kaolewa Makunduchi. Muda wote huo insulini inanunuliwa kwa fedha za kiinua mgongo, nayo ni dawa isiyosubiri kesi.

Kazi ile angeimaliza akiwa kazini. Hatua ni hizi: sajili talaka kwa Kadhi kama haikusajiliwa, upewe cheti, tafuta nakala ya cheti cha ndoa ya sasa, nenda kwa afisa utumishi na vyote viwili pamoja na kitambulisho cha mke, jaza fomu ya kubadili wategemezi, kisha, na hili ndilo watu husahau, rudi baada ya wiki chache uone kwenye skrini kwamba jina limebadilika. Fomu iliyopokelewa si fomu iliyoingizwa. Mwenye wake zaidi ya mmoja aulize mapema nani anaingia na kwa utaratibu gani, awaambie wote nyumbani, wasije wakajua hospitali.

Alama za vidole zichukuliwe upya kabla hujaondoka kazini. Vidole vya mzee huchujuka, na vya mama aliyelima mwani huchujuka zaidi. Kama mashine inakataa, omba uandikishwe vidole vyote kumi, si kimoja.

Dawa zako za kila siku ziandike kwa jina la dawa yenyewe, amlodipini, metformini, si jina la kwenye boksi. Orodha ya mfuko hufuata jina la dawa. Isiyokuwemo, muulize daktari ipi inayoweza kushika nafasi yake.

Rufaa ina ngazi. Wa Micheweni hakurupuki mpaka Muhimbili. Apate barua ya rufaa kila kituo, yenye muhuri na tarehe. Weka fedha pembeni kwa nauli ya boti, malazi na chakula cha anayekuuguza.

Kila karatasi itoe nakala mbili: moja ndani ya bahasha ya nailoni nyumbani, moja kwa mtoto anayeaminika. Risiti zitunzwe. Asiwepo wa kukuahidi kwamba atakuharakishia kadi kwa fedha ya chai. Fomu utaijaza wewe, ofisini, mchana. Na kadi usimuazime mtu, hata dada yako wa tumbo moja. Vipimo vyake vitaandikwa kwenye faili lako, na siku utakayoletwa umezimia, daktari atasoma damu na dawa ambazo si zako.