Bando moja, mashine nne

Wenye kompyuta kadhaa za Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux) na bando la kuhesabu, mkitaka toleo jipya la kivinjari cha Firefox, msilipakue mara nne. Jirani yangu mwenye steshenari Ngamiani, hapa Tanga, alichoka bando kukatika mashine ya tatu haijamaliza, akakizuia kivinjari kisisasishwe, kwa amri `apt-mark hold` ya apt, programu ya Debian ya kusakinisha programu nyingine. Akasahau. Miezi imepita, toleo ndilo lilelile, na wateja wanafungulia humo barua pepe zao!

Kwenye kila mashine fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike `apt-mark showhold`. Ukiiona firefox-esr, yaani pakiti ya Firefox kwenye Debian, iachie: `sudo apt-mark unhold firefox-esr`. Halafu kwenye mashine moja tu, `sudo apt update`, kisha `apt download firefox-esr`. Faili la .deb litashuka kwenye folda uliyopo. Litie kwenye flashi, lihamishie mashine nyingine, kisha kwenye kila mashine, hata ile ya kwanza, fungua terminali ndani ya folda yenye faili hilo uandike `sudo apt install ./` ukiunganisha na jina la faili. Ile nukta na mkwaju usiviache, maana apt itadhani umetaja jina la pakiti na itakwambia haipo. Jirani alikwama hapo nusu saa nzima, chai ikapoa.

Mashine ziwe za toleo moja la Debian. Ukimaliza, funga madirisha yote ya Firefox, kwani lililokuwa wazi bado linatumia programu ya zamani.

Wa Ubuntu, kuanzia toleo la 22.04 Firefox yenu huja kama snap, pakiti ya aina nyingine isiyopitia apt; andikeni: `sudo snap refresh firefox`, mkiwa mmeshaifunga.