Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwanzishia Mtoto Kiingereza cha Mtandaoni Kuelekea Kidato cha Kwanza

Nchini Tanzania, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Kwa mtoto aliyesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule nyingi za msingi za serikali, miezi hiyo ya katikati ndiyo nafasi yake ya kujiandaa kuingia darasa ambamo Baiolojia, Jiografia na Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Wazazi wengi hugeukia intaneti, na wanafanya vyema, kwa kuwa nyenzo za bure zipo nyingi na baadhi yake zimeandaliwa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, yapo mambo yanayostahili kuamuliwa kabla bando halijanunuliwa.

Jambo zito kuliko yote ni aina ya Kiingereza anachokihitaji mtoto huyu. Tovuti nyingi zimetungwa kwa ajili ya mtu mzima anayehamia ugenini au anayetafuta kazi, hivyo humfundisha kuagiza chakula, kuuliza njia na kujieleza kwenye usaili. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anatakiwa kuelewa swali linalomtaka afafanue, alinganishe au ataje sababu, na kusoma aya inayohusu seli kisha akaieleza upya kwa sentensi zake mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua tovuti yoyote, ingia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada husomwa bure, umpe mtoto ukurasa mmoja wa Baiolojia ausome kwa sauti, halafu akueleze kwa Kiswahili alichoelewa. Maneno yatakayomkwamisha yaandikwe kwenye daftari, kwa kuwa hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Zoezi hilo litakuonyesha pia kiwango chake. Tovuti ya British Council hupanga masomo kwa ngazi zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ambazo huanzia A1 kwa wanaoanza kabisa na kuishia C2. Kipindi cha BBC kiitwacho 6 Minute English kinasifiwa sana, na kinastahili sifa hizo, lakini kimekusudiwa wenye kiwango cha kati, na mtoto wa A1 atakikatia tamaa mapema. Huyo nampendekezea hadithi za African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, kwa sababu hadithi nyingi humo zinapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza zikiwa na picha zile zile. Akisoma kwanza kwa Kiswahili, atakapofungua ile ya Kiingereza kisa atakuwa anakijua, na akili yake yote itabaki kwenye lugha. Sijaona kianzio kizuri kuliko hiki.

Matamshi nayo yanahitaji maandalizi. Kiswahili kina irabu tano tu, hivyo kwa masikio ya mtoto wetu "ship" na "sheep" ni neno moja mpaka ayasikie yakitamkwa kwa kufuatana. Chagua nyenzo yenye sauti na maandishi pamoja. Kamusi ya mtandaoni ya Cambridge hutoa matamshi ya Uingereza na ya Marekani, na ni vyema kushikamana na yale ya Uingereza, kwa kuwa tahajia inayotumika shuleni ni ya huko. Masomo ya VOA, yaliyoanza kutangazwa mwaka 1959 kwa mwendo wa polepole na msamiati wa maneno yapatayo 1,500, yanafaa sana kwa kusikiliza, ingawa tahajia yake ni ya Kimarekani. Kwa kuwa shughuli za VOA zilisimamishwa Machi 2025, kinachokufaa humo kipakue mapema.

Kupakua ndiko kutakakookoa bando. Video humaliza bando haraka, ilhali sauti na vitabu vya PDF hutumia kidogo, na vinaweza kuhifadhiwa kwenye memori kadi au flashi siku mzazi anapopata Wi-Fi. Tovuti ikidai kufunguliwa akaunti, tumia barua pepe ya mzazi.

Amua pia nani atakaa na mtoto. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusimamia somo zima: mtoto asikilize mara ya kwanza bila maandishi, mara ya pili akifuatisha maandishi kwa kidole, mara ya tatu akisimamisha sauti kila sentensi na kuirudia, na kesho yake asimulie kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, yale anayoyakumbuka. Sentensi anazoandika zinahitaji jicho la mwalimu, hivyo muombe mapema mwalimu wa Kiingereza aliye karibu azipitie walau mara moja kwa wiki, na mkubaliane kabisa siku na saa kabla somo la kwanza halijaanza.