Kijito Kimefufuliwa Mjini: Jinsi ya Kujua Kama Wadudu na Samaki Wamerudi

Kijito kikitolewa kwenye bomba la zege, kikapangiwa mawe na kuoteshewa miti kandokando, hupendeza muda mrefu kabla hakijapona. Mwaka 2010 Margaret Palmer na wenzake walichapisha mapitio ya miradi 78 ya kufufua mito na vijito. Ni miwili tu iliyoonyesha wazi kwamba aina za viumbe wadogo wa majini zimeongezeka. Kwa hiyo usiyaamini macho yako ukiwa umesimama darajani. Tia wavu majini.

Hatua ya 1: Chagua sehemu tatu. Moja ndani ya eneo lililofufuliwa, ya pili juu yake ambako hapajaguswa, na ya tatu kwenye kijito kingine cha ukubwa uleule chenye afya. Hiyo ya tatu ndiyo wengi huiruka, na bila hiyo hutajua ulipaswa kukuta nini. Kama mafundi hawajaanza kuchimba, pima sasa. Wakishaanza, hali ya mwanzo huipati tena.

Hatua ya 2: Vifaa. Wavu wenye matundu ya nusu milimita hadi milimita moja, sinia nyeupe, kibano, kijiko, kioo cha kukuzia, kipimajoto, mabuti na glavu. Maji ya mjini hayakosi uchafu wa vyoo, basi funika vidonda na unawe kwa sabuni. Penye kichocho, ngozi isiguse maji kabisa.

Hatua ya 3: Vuruga mawe. Usiende mara baada ya mvua kubwa, maana mafuriko huwa yamekomba wadudu; subiri wiki moja au mbili. Anzia chini, upande kuelekea maji yanakotoka, ili usivuruge unakokwenda. Simamisha wavu, mdomo ukiukabili mkondo na ukingo wake ukigusa sakafu. Simama mbele ya mdomo huo, uchokoe mawe kwa kisigino, mkondo ubebe wadudu hadi wavuni. Fanya hivyo kwenye maji ya kasi, kwenye majani yanayooza na kwenye mizizi ya ukingoni, jumla dakika tatu. Nasisitiza: dakika zilezile, wavu uleule, kila sehemu. Ukikazana zaidi pale unapopapenda, umejidanganya mwenyewe.

Hatua ya 4: Soma sinia. Mimina ulichopata, ongeza maji kidogo, kisha tulia. Dakika ya kwanza utaona takataka tu. Halafu takataka zitaanza kutembea.

Unatafuta hasa makundi matatu ya wadudu ambao kwa kawaida hawavumilii uchafu. Efemeroptera: tunutu mwenye mikia mitatu kwa kawaida, na matamvua yanayopepea ubavuni mwa tumbo. Plekoptera: mikia miwili, kucha mbili kila mguu, hana matamvua hayo ya ubavuni; huyu anadai maji safi yenye oksijeni nyingi. Trikoptera: buu laini mwenye kulabu mbili nyuma, aina nyingi hujishonea nyumba ya mchanga au vijiti kwa hariri yao wenyewe. Usimtupe ukidhani ni kijiti. Mimi nimetupa wengi kabla sijajifunza kusubiri kijiti kitoe kichwa.

Upande wa pili wako wavumilivu: mabuu mekundu wa usubi wasiouma, wekundu wao ukitokana na himoglobini inayowasaidia pale oksijeni inapopungua, pamoja na minyoo wembamba na ruba. Mara ya kwanza nilipopima kijito kilichofufuliwa nilishangilia, sinia lilijaa hadi nikashindwa kuhesabu. Karibu wote walikuwa mabuu hao wekundu. Tangu siku hiyo nahesabu aina kwanza, idadi baadaye. Jihadhari pia na efemeroptera wadogo wa jamii ya Baetidae: baadhi yao huvumilia uchafu kiasi, hivyo kuwaona peke yao hakutoshi.

Hatua ya 5: Samaki. Pata kibali kwanza. Sehemu nyingi hukidai. Kuvua kwa umeme waachie waliofunzwa. Wewe tumia mitego midogo ya faneli, uikague baada ya saa moja au mbili, wala usiwalaze samaki humo. Lowesha mikono kabla ya kuwashika, pima urefu, warudishe. Urefu una habari kuliko idadi: ukipata wachanga, wa kati na wakubwa wa aina moja, wanazaliana hapo. Ukipata wakubwa watupu, huenda waliletwa na mafuriko, au na mtu mwenye ndoo.

Kisha nenda kwenye kila kalavati. Kama maji yanadondoka kutoka kwenye mdomo wake, samaki wadogo hawataweza kupanda, hata huko juu kukiwa kuzuri namna gani.

Hatua ya 6: Tafuta kinachowazuia. Wadudu hawa wakikomaa huruka, na mji umejaa mitego. Lami huakisi mwanga uliopolaraizi, yaani mwanga ambao mawimbi yake yanatikisika upande mmoja, kama uso wa maji, na efemeroptera wameonekana wakitaga mayai juu ya barabara kavu. Tazama pia kama kuna mawe yaliyojitokeza juu ya maji, kwa sababu baadhi ya Baetidae hutua juu yake kabla ya kushuka chini kutaga.

Mshukiwa wangu wa kwanza, hata hivyo, huwa ni mfereji wa barabara. Desemba 2020 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba kemikali inayotokana na kiungo cha matairi ndiyo iliyokuwa ikiua samoni aina ya coho mvua inaponyesha. Tena kuna joto, maana lami iliyochomwa na jua hupasha maji ya mvua yanayoingia kijitoni: maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5 tu. Kwa hiyo mvua ikinyesha mchana wa jua kali, simama ukingoni, mahali salama, karibu na mdomo wa mfereji huo. Funga kipimajoto kwa kamba, uandike joto la kijito kila dakika tano, kuanzia kabla maji ya lami hayajafika.